Inchi 32 kutoka kisimani

Tarehe 23 Aprili 1855, mpima aitwaye Jehoshaphat York aliwasimamia vibarua waliokuwa wakifukua mfereji wa maji taka wa nyumba namba 40, Broad Street, mtaa wa Soho, London. Mfereji ulikuwa na upana wa inchi 12, kuta zake za matofali, chini bapa, juu umefunikwa kwa mawe ya zamani. Chokaa ilikuwa imemong'onyoka. Matofali yaliinuliwa kutoka mahali pake bila nguvu yoyote. Mbele ya nyumba mfereji uliingia kwenye shimo lililokusudiwa kuzuia harufu, lakini lilikuwa limejengwa vibaya, likawa linazuia kila kitu na kukivujisha pembeni.

York akachukua kipimo kutoka mfereji hadi ukuta wa kisima cha pampu iliyokuwa nje, barabarani.

Futi 2 na inchi 8.

Yaani inchi 32, sentimita 81 hivi. Udongo wa katikati ulikuwa umeloa kinyesi.

Hadi siku ile, karibu miezi minane ilikuwa imepita tangu kipindupindu kiwaue watu 616 katika mitaa inayoizunguka pampu hiyo. Kisa cha daktari John Snow mnakijua: alisema kipindupindu huenea kwa maji, akaishuku pampu hiyo, mpini wake ukang'olewa, na inasimuliwa kwamba hapo mlipuko ukakoma. Sikirudii kwa urefu. Kinachonisumbua kwa wiki kadhaa sasa ni jedwali moja alilolichapisha Snow mwenyewe, ambalo ukilisoma polepole linaelekea kukivunja kisa chake.

## Jedwali

Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni waliougua siku hiyo na hatimaye wakafa. Tarehe 31 Agosti 1854 walikuwa 56. Tarehe 1 Septemba, 143. Tarehe 2, 116. Kisha 54, 46, 36, 20, 28.

Hapo ni tarehe 7. Jioni ya siku hiyo Snow alizungumza na bodi ya parokia ya St James, na kesho yake, tarehe 8, mpini ukaondolewa. Siku hiyo waliougua walikuwa 12.

Kutoka 143 hadi 12, na pampu bado inafanya kazi.

Kwa hiyo mpini ulizuia nini? Ukiichora safu hiyo kwenye karatasi, utaona mlima ulioporomoka tarehe 3, na mpini uko mbali, kwenye tambarare. Snow aliliona hilo kabla yetu na akaliandika waziwazi: maradhi yalikuwa yamepungua mno kabla ya maji kusitishwa, kiasi kwamba haiwezekani kuamua kama siku ile kisima kilikuwa bado na sumu au kilikuwa kimekwisha kusafika. Namheshimu sana kwa sentensi hiyo. Mtu aliyetaka kushinda hoja tu angeiacha.

Swali linabaki palepale, na jibu lake halimo katika kitabu cha Snow.

## Nani alikunywa wapi

Kabla ya jibu, tuangalie kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu tumezoea kuonyeshwa ramani yenye vistari vyeusi kana kwamba Snow aliichora, akaitazama, akaelewa. Ramani ilikuja baadaye, kwa ajili ya kuwaonyesha wengine. Kwanza kulikuwa na miguu.

Alichukua kwa msajili mkuu orodha ya vifo 83 vya siku za mwanzo, akaenda nyumba kwa nyumba. Vifo 73 vilikuwa vya watu ambao pampu ya Broad Street ilikuwa karibu nao kuliko nyingine yoyote. Alipouliza, akaambiwa kwamba 61 kati yao walikuwa wakinywa maji ya pampu hiyo, daima au mara mojamoja. Kumi waliobaki kati ya wale 83 waliishi karibu na pampu nyingine. Hao ndio waliohitaji kazi. Familia za watano kati yao zilimwambia kuwa siku zote zilituma mtu Broad Street, kwa sababu ziliyapenda maji yake zaidi. Wengine watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyokuwa karibu na pampu.

Maji yale yalipendwa kwa ubaridi na ung'aavu wake. Hapo pana jambo la kukumbukwa na yeyote anayedhani macho na ulimi vinatosha kupima maji: kisima kilichoua mtaa mzima ndicho kilichosifiwa kwa ladha.

Kisha akawatafuta walionusurika. Nyumba ya maskini ya Poland Street ilizungukwa na vifo pande zote, ilikuwa na watu 535, wakafa watano. Ilikuwa na kisima chake ndani, na haikutuma mtu kwenye pampu. Kiwanda cha bia kilichokuwa mtaani hapo kilikuwa na vibarua zaidi ya 70, hakufa hata mmoja. Walipewa bia, na mwenye kiwanda aliamini hawanywi maji kabisa, sembuse ya pampu. Lakini kiwanda cha fataki za bunduki, namba 37, kilikuwa na wafanyakazi 200 hivi na mapipa mawili ya maji ya kunywa yaliyojazwa kutoka pampu. Walikufa 18.

Na yuko mjane wa mwenye kiwanda hicho. Alikuwa amehama Soho, anaishi Hampstead ambako hapakuwa na kipindupindu, lakini aliyapenda maji ya mtaa wake wa zamani, hivyo gari lilimpelekea chupa kubwa kila siku. La mwisho lilifika Alhamisi tarehe 31 Agosti. Jumamosi alikuwa amefariki. Mpwa wake aliyemtembelea akanywa maji hayohayo, akarudi kwake Islington, akafa.

Wako pia waliokunywa bila kujua. Vilabu vya pombe viliyatumia kuzimua vinywaji vikali. Maduka yaliyauza kwenye glasi yakiwa yamechanganywa na unga wa kutoa povu, yakaitwa sharubati. Mwenye mkahawa mmoja wa mafundi alimwambia Snow tarehe 6 Septemba kwamba anajua wateja wake tisa waliokwisha kufa. Mtu wa aina hiyo, ukimuuliza kama alikunywa maji ya pampu, angekujibu hapana kwa moyo safi.

## Chumvi kwenye chupa

Kusini ya mto Thames Snow alikuwa na tatizo kubwa zaidi. Kampuni mbili za maji zilikuwa zimelaza mabomba katika mitaa ileile, nyumba hii ya huyu, nyumba ya pili ya yule. Southwark and Vauxhall ilichota maji Battersea, katikati ya uchafu wa jiji. Lambeth ilikuwa imehamisha mchoto wake mwaka 1852 hadi Thames Ditton, juu ya mto, mahali ambapo maji taka ya London hayafiki. Hewa moja, umaskini mmoja, msongamano mmoja, na kilichotofautiana ni maji. Jaribio la namna hiyo hakuna mwanasayansi ambaye angeruhusiwa kulipanga.

Ila wapangaji hawakujua maji yao ni ya nani. Kodi ya maji ililipwa na mwenye nyumba, naye aliishi kwingine.

Snow akatumia chumvi. Thames ya Battersea hupanda na kushuka na bahari, tena hubeba mkojo wa jiji. Ya Thames Ditton haifikiwi na bahari. Ukidondoshea maji nitrati ya fedha, kloridi ya chumvi iliyomo huganda ikawa unga mweupe. Maji ya Thames Ditton yalikuwa na chumvi chini ya punje moja ya uzani kwa galoni. Yale ya Battersea punje 37.9. Tofauti ni mara 40, na jicho linaiona papo hapo: chupa moja hufifia kidogo tu, nyingine hugeuka kama maziwa. Akawa anaondoka mlangoni na kichupa, ameandika anwani juu yake.

Matokeo: nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall, vifo 1,263. Nyumba 26,107 za Lambeth, vifo 98. Kwa kila nyumba 10,000, vifo 315 dhidi ya 37.

Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa, kuliko pampu. Pampu ina picha nzuri tu.

## Wasioamini hawakuwa wajinga

Kamati ya kisayansi ya bodi kuu ya afya ilichunguza Soho, ikatamka kwamba haioni sababu ya kukubali imani ya Snow. Ni rahisi kuwacheka. Sitawacheka.

Wao waliamini ugonjwa huletwa na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye uozo. Na Soho ilinuka. Palikuwa na machinjio, mazizi, mashimo ya kinyesi chini ya sakafu za watu. Imani hiyo ilikuwa imewasukuma kufanya mambo mema mengi: kufagia, kupaka chokaa, kupunguza msongamano. Lakini ndiyo hiyo iliyowaelekeza, tangu mlipuko wa 1848 na 1849, kufunga mashimo ya vinyesi ya London na kuvisukuma vyote mtoni ili harufu iondoke majumbani. Harufu ikaondoka. Kinyesi kikaenda kwenye mto ambao kampuni zilikuwa zikichota humo. Kila ukiifikiria hatua hiyo unaumia, kwa sababu ilifanywa na watu waliokuwa wakijitahidi kuokoa maisha.

Halafu Snow alikuwa na pengo. Alisema kisima kimeingiliwa na kinyesi, lakini njia ya kuingilia hakuionyesha. Kisima kilikaguliwa kwa ndani miezi michache baadaye na hakuna kilichoonekana: ukuta mzima, hakuna ufa wala tundu. Hadubini haikumsaidia. Filippo Pacini alikiona kimelea cha kipindupindu huko Florence mwaka huohuo wa 1854, lakini dunia haikumsikia. Robert Koch alikuja kukitambulisha miaka 30 baadaye.

Ukaguzi wa ndani ulikosea kwa sababu rahisi. Ukuta wa kisima cha matofali hauhitaji ufa ili upitishe maji. Kazi yake yote ni kupitisha maji, ndivyo kisima kinavyojaa. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa tofali, na huko hufiki kwa kuteremsha taa kisimani. Lazima uchimbe, na lazima kwanza ujue uchimbe wapi.

## Kasisi aliyekwenda kupinga

Henry Whitehead alikuwa kasisi msaidizi wa kanisa la St Luke's, Berwick Street, hapohapo Soho. Alikuwa amewauguza na kuwazika waumini wake. Alimwona Snow amekosea, kwa hoja nzuri tu: yeye mwenyewe aliyanywa maji yale, na aliwashuhudia wagonjwa walioyanywa kwa wingi wakapona. Akaanza uchunguzi wake ili aifute dhana hiyo.

Tazama alichofanya tofauti. Snow aliwafuata waliokufa. Whitehead akauliza pia habari za wazima. Broad Street ilikuwa na wakazi 896, na 90 walikufa. Alirudi nyumba moja mara nne, hata mara tano, kwa maana alijua mtu aliyefiwa hakumbuki vizuri mara ya kwanza. Wengine waliapa hawakugusa maji ya pampu, kisha siku nyingine mtoto akasema ndiye aliyetumwa kuyateka.

Hesabu yake ikawa hivi. Waliokunywa maji ya pampu, watu 137: waliugua 80. Ambao hawakunywa, watu 297: waliugua 20.

Aliona pia jambo ambalo takwimu za vifo peke yake zisingelisema. Wazee dhaifu waliokuwa wakiishi peke yao, wale ambao kila mtu angetegemea watangulie, walinusurika kwa wingi. Hawakuwa na mtoto wa kumtuma pampuni. Upweke uliwaokoa.

Kuna kitu kinanigusa kwa mtu huyu kila mara. Alikiri kwamba alifika kwenye hitimisho polepole, tena kwa kusitasita. Alipoingia alikuwa mpinzani, akatoka shahidi bora kuliko wafuasi.

## Mstari mmoja kwenye daftari

Whitehead alikuwa akipitia daftari la vifo alipokutana na mstari unaohusu Broad Street namba 40. Tarehe 2 Septemba: mtoto wa kike, miezi mitano, kuishiwa nguvu, baada ya kuhara kulikoanza siku nne kabla.

Siku nne kabla. Kabla ya wote.

Na namba 40 ndiyo nyumba iliyotazamana na pampu.

Alimfuata mama, Sarah Lewis, aliyekuwa bado anaishi humo. Mama akamwambia mtoto alianza kuugua tarehe 28 Agosti. Nepi zake alizilowesha kwenye ndoo, na maji yake mengine akayamwaga kwenye shimo lililo mbele ya nyumba.

Hakuna kamati iliyomuuliza swali hilo. Walipima joto la hewa, walinusa vichochoro, wengine wakajadili kama mfereji mpya ulikuwa umefukua makaburi ya tauni ya mwaka 1665. Ushahidi ulikuwa kwa mama aliyefiwa, kwenye ndoo. Ndipo York akaletwa na vibarua wake, wakajua pa kuchimba.

Sasa lirudie jedwali. Mtoto alianza kuhara tarehe 28. Siku tatu baadaye mtaa ukalipuka. Mtoto akafa tarehe 2, na ndoo za nepi zikakoma. Kuanzia tarehe 3 mlima unaporomoka. Wengi walikuwa wamekimbia mtaa pia, hilo lisisahauliwe. Lakini kisima chenye kutumika sana hujibadilisha maji, na hakuna aliyekiongezea sumu mpya.

Mpini, kwa hesabu hiyo, haukuumaliza mlipuko wa kwanza. Ulikuwa umekwisha kujimaliza.

## Mikunga kwenye mabomba

Nifungue mabano kidogo, kwa kuwa watu hudhani baada ya Soho somo lilikuwa limeshika.

Sheria ya maji ya 1852 ilizitaka kampuni za London zichuje maji ya majumbani na kufunika mabwawa ya maji yaliyochujwa. Kuchuja kulikuwa kwa mchanga: maji yanateremka polepole kwenye tabaka nene la mchanga lililolazwa juu ya changarawe, na kazi kubwa hufanywa na utando wa utelezi unaoota juu ya mchanga. Utando ukiziba mno, unakwangua sentimita chache za juu na kuanza upya. Ni mtambo mzuri mno, una adui mmoja: mlango wa pembeni. Ukiyaruhusu maji yaupite bila kugusa mchanga, mchanga wote uliobaki ni mapambo.

Mwaka 1866 kipindupindu kiliangukia mashariki ya London, kikaua maelfu, karibu wote ndani ya eneo la kampuni moja, East London. William Farr wa ofisi ya msajili mkuu aliliona kwenye vitabu vyake vya vifo. Mhandisi wa kampuni akaandika gazetini kwamba kwa miaka kadhaa hawajatoa hata tone moja lisilochujwa.

Kisha wateja wawili wakasema wamekuta mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mabomba yao ya maji.

Mkunga hapiti kwenye mchanga. Hapo hoja ilikwisha. Ikabainika kwamba maji ya bwawa la wazi la Old Ford, kando ya mto Lea, yalikuwa yamefunguliwa kuingia kwenye mtandao. John Netten Radcliffe, aliyeongoza uchunguzi, alimwita Whitehead amsaidie kumtafuta mgonjwa wa kwanza kwa njia ileile ya Soho. Wakampata kibarua mmoja na mkewe huko Bromley, waliokufa tarehe 27 Juni, ambao choo chao kilimwaga kwenye Lea. Mifereji mikuu ya Joseph Bazalgette ilikuwa imekwisha kujengwa sehemu kubwa ya jiji. Upande huo ulikuwa unasubiri kituo cha kusukuma maji taka cha Abbey Mills, kilichokamilika 1868.

Na miaka michache baadaye, njia hiyo ya kuuliza ilifika kwetu. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipoingia, hakuridhika na jibu kwamba kimekuja na upepo wala meli. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara hadi akaweza kukichora kikishuka kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha kikivuka bahari. Kitabu chake kilitoka 1876. Waliomjibu ndio walioijua njia: waliona wenzao wakianguka, kituo baada ya kituo.

## Tarehe 8 Septemba

Nirudi kwenye mpini, maana bado nina deni.

Thomas Lewis, mume wa Sarah, alikuwa askari polisi. Hakuugua pamoja na mtoto. Aliugua tarehe 8 Septemba, siku ileile mpini ulipong'olewa. Alikaa siku 11, akafa tarehe 19.

Shimo lilikuwa lilelile, na matofali yake yalikuwa bado hayajaguswa na mtu. Mtu mzima mwenye kipindupindu hupoteza lita nyingi za maji kwa siku, nyingi zaidi kuliko mtoto wa miezi mitano. Siku hizo 11 ndoo ziliteremshwa na kumwagwa, na yaliyomo yalikuwa na inchi 32 tu za kupita kabla ya kufika kisimani.

Nje ya mlango watu walikwenda pampuni na ndoo zao, wakaikuta haina mpini, wakageuka kutafuta maji mtaa mwingine.